Redio Yetu ya Malindi, Sizoni na Sizoni Ikiisha

Kwenye orodha ya bei iliyobandikwa ukutani pale mapokezi, tangazo la kifo ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote. Pesa ambazo hoteli ililipia tangazo moja la jioni zingeiwezesha familia iliyofiwa kutangaziwa msiba wake mpaka siku ya kuvunja matanga. Mimi nilianzia hapo, dirishani, nikiwa karani wa mapokezi, kabla sijasogea studio na baadaye kusimamia vipindi. Hadi leo kijana akija kwangu akasema anataka kuwa mtangazaji, humketisha kwanza dirishani. Wengine hununa. Wanaokubali kukaa na kusikiliza huinuka pale wakiwa wanaujua mji.

Wenye hoteli hawakuwahi kuja dirishani. Wao walifuatwa ofisini kwao, mkataba ukatiwa saini huko. Waliokuja kwetu ni watu kama yule baba aliyeshika karatasi iliyokunjwakunjwa, ndani yake majina ya jamaa wa marehemu kuanzia Mambrui mpaka Kaloleni, na kila jina sharti lisomwe, maana anayeachwa nje ya tangazo la msiba haisahau siku hiyo. Alikuja mama aliyepotelewa na mbuzi. Alikuja kijana na kadi ya salamu, majina ya marafiki yamejaa mpaka pembeni. Nilijifunza mapema kuuliza jambo moja kabla ya mengine yote: maiti anazikwa lini? Mwislamu huzikwa siku ile ile, na tangazo lake haliwezi kungoja habari za saa saba; mtangazaji atakata wimbo katikati na kulisoma. Msiba wa bara waweza kusubiri Jumamosi, jamaa wafike kutoka Garsen au Mombasa, kwa hiyo tangazo hurudiwa asubuhi na jioni. Kanuni hiyo hatukuletewa na mtaalamu. Tuliipata kwa watu waliosimama mbele yetu na machozi.

Redio yenyewe sitaitaja jina. Wengi niliofanya nao kazi wangali hewani, wengine wamehamia Mombasa na Nairobi, na baadhi ya haya nitakayoeleza yanawagusa watu ambao hawakunipa ruhusa ya kuwasemea.

Malindi imezoea wageni tangu kale. Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwaka 1498 alipokewa vizuri na mfalme wa mji, na nguzo ya Wareno ingali imesimama kwenye rasi. Hoteli za ufuoni zilianza miaka ya 1930, walowezi wa bara wakiteremka kupunga upepo. Waitaliano nao walikuja na roketi. Kituo chao cha San Marco kilijengwa Ngomeni, kaskazini mwa mji, na mwaka 1967 setilaiti ya kwanza ikarushwa kutoka kwenye jukwaa lililosimikwa baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, ikarushwa pale setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota, nayo ikapewa jina Uhuru. Mainjinia na mafundi wakaipenda pwani, wakanunua viwanja, wakaita ndugu na marafiki. Ndiyo maana Malindi na Watamu utamkuta muuza vinyago anayebishana bei kwa Kiitaliano kizuri kuliko Kiingereza chake.

Basi tulikuwa majirani wa roketi, lakini mto Sabaki ukifurika na barabara ya Garsen ikakatika, hapakuwa na redio ya mji ya kuwaambia watu wasisafiri. Redio ilitoka mbali. Wazee waliikumbuka Sauti ya Mvita ya Mombasa, miaka ya 1950, na taarabu zake. Baada ya uhuru tukawa na Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ilirudi kuitwa KBC, Shirika la Utangazaji la Kenya, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa redio, basi. Kituo cha kwanza cha FM cha mtu binafsi, Capital, kilianza Nairobi mwaka 1996, na baada ya hapo masafa yakaanza kujaa, kwanza miji mikubwa, kisha polepole huku kwetu.

Wazo la redio yetu lilitokana na tarehe 26 Desemba 2004. Siku ile ya tsunami, bahari ilikupwa na kujaa bila kufuata saa zake. Habari za Asia zilikuwa zimeshafika kwenye televisheni za hoteli, na polisi walianza kuwaondoa watu ufuoni, lakini wavuvi waliokuwa nje hawakuwa na wa kuwaambia, na watoto wa mtaani walikuwa wakikimbilia kule kule maji yalikorudi nyuma, waokote samaki. Kenya ilipoteza mtu mmoja tu siku ile. Tulisalimika kwa sababu nguvu za maji zilikuwa zimepungua zilipotufikia. Jambo hilo lilimkosesha usingizi mwalimu mmoja mstaafu wa mji huu. Alianza kuzunguka, kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa nahodha mmoja mzee, kwa padri, kwa imamu, akisema maneno yale yale: mji wenye vyumba vya wageni vingi hivi hauna njia ya kusema na watu wake wenyewe.

Haikuwa rahisi kuwashawishi. Wazee walikumbuka habari ya Homa Bay, ambako mwaka 1982 UNESCO ilisaidia kuanzisha redio ya jamii iliyotangaza kwa Kijaluo, na miaka miwili baadaye serikali ikaifunga. Waliogopa kutia pesa kwenye kitu ambacho afisa mmoja anaweza kukizima kwa barua. Mwalimu aliwajibu kwamba nyakati zimebadilika, na kusema kweli zilikuwa zimebadilika: leseni zilikuwa zikitolewa, ingawa ilibidi kuzifuatia Nairobi kwa subira. (Sheria iliyorekebishwa mwanzoni mwa 2009 ndiyo iliyokuja kuzitambua rasmi redio za jamii. Sisi tulikuwa tumeanza tayari, kwa leseni ya biashara, na tofauti hiyo ilitubana sana baadaye, kwa sababu mwenye leseni ya biashara hatarajiwi kuomba msaada.)

Siku tulipoingia hewani nilikuwa dirishani, redio ndogo ya betri mbele yangu, sauti ya mwalimu ikitoka chumba cha pili na kunifikia mara mbili, kupitia ukutani na kupitia redioni. Alisema bismillahi, akautaja mji, akaanza kuitaja mitaa mmoja mmoja: Shella, Majengo, Maweni, Barani, Kisumu Ndogo, Muyeye, Ganda, Mayungu. Hakuna redio iliyowahi kuitaja Muyeye ila kwa habari ya wizi.

Nizungumze kidogo juu ya mlingoti, maana hapo ndipo pesa nyingi zilipoishia, na hakuna mtu anayemwambia mwenye kuanzisha redio pwani mambo haya mapema. Wimbi la FM husafiri kwa mstari ulionyooka. Haliwezi kupinda kufuata mviringo wa dunia wala kupenya kilima, kwa hiyo urefu wa mlingoti una faida kubwa kuliko ukubwa wa mtambo. Sisi mtambo wetu ulikuwa mdogo, lakini Malindi ni tambarare, na tulisikika vizuri Watamu, Gede, Mambrui na mbali kiasi baharini, ambako hakuna cha kulizuia wimbi. Adui wetu alikuwa chumvi. Kusi likianza kuvuma, kuanzia Aprili, hewa ya baharini hubeba unyevu wa chumvi unaokula kila chuma. Waya za kuushikilia mlingoti hupata kutu kwenye vifundo. Viungio vya kebo ya antena hugeuka kijani. Maji yakiingia ndani ya kebo, nguvu haitoki yote kwenda hewani. Sehemu yake hurudi mtamboni na kuupasha moto, na mtambo hujizima, au huungua. Fundi wetu alikuwa na kawaida ya kuweka kiganja juu ya mtambo kila asubuhi kabla hajasoma mita yoyote. Alikuwa akisema mita husema uongo, joto halisemi.

Sasa angalia jinsi kalenda ilivyopangwa kutuadhibu. Wageni huja kwa wingi Desemba mpaka Machi, kaskazi likivuma na bahari imetulia, halafu tena Agosti, Waitaliano wakiwa likizoni. Aprili, Mei na Juni ni mvua na kusi. Hoteli nyingi hufunga, wapishi na watandikaji vitanda hurudishwa nyumbani. Kwa hiyo mlingoti huharibika miezi ile ile ambayo pesa hakuna. Miaka ya mwanzo tulikuwa tukinyamaza hewani Mei kwa kukosa kiungio cha kebo ambacho Januari tungekinunua bila hata kukutana kamati. Mwalimu akaweka amri: pesa za Januari ni za vipuri vya Mei, na haziguswi, hata mshahara ukichelewa. Tulilalamika. Lakini tangu hapo redio haikunyamaza tena kwa sababu ya kutu.

Mwanzoni sote tuliamini kwamba redio ya mji wa kitalii ni lazima iishi kwa watalii. Hoteli ndizo zilizokuwa na pesa, na meneja wa hoteli alitaka kusikia redio inayofanana na hoteli yake. Tukaanzisha kipindi cha jioni kwa Kiitaliano. Mtangazaji wake alikuwa kijana aliyejifunza lugha ile ufuoni, akiuza safari za kwenda kuona samaki kwenye hifadhi ya bahari, na aliizungumza vizuri mno, kwa madaha, akipiga nyimbo za kwao za zamani. Mameneja walifurahi. Matangazo yakaja: mikahawa, wakala wa magari, duka la vito, vilabu vya usiku. Agosti ile tulinunua kompyuta mpya ya studio, na sote tuliamini tumeshafika.

Ikaja siku nikatumwa kuzungukia hoteli na mikahawa kuuliza wageni wanakipendaje kipindi. Karibu wote niliowauliza hawakuwa wamewahi kukisikia. Wanakaa wiki mbili, hawana redio vyumbani, na muziki wanaousikia ni ule wa hoteli yenyewe. Lakini nilipopita jikoni, redio ilikuwa juu ya friji, imewashwa, na ni kipindi kile kile. Nikamsalimu mama aliyekuwa akimenya viazi, nikamuuliza kwa nini anasikiliza kipindi cha Kiitaliano.

“Mwanangu, nasoma,” akanijibu. “Yule kijana hutamka polepole. Mimi nataka kutoka huku jikoni nikahudumu mezani, na mezani hawaendi wasiojua lugha.”

Kwenye dobi niliambiwa vivyo hivyo. Dereva wa tuktuk akaniambia anakisikiliza akisubiri abiria, anarudia maneno kwa sauti. Nilirudi studio nikasimulia, na yule kijana mwenyewe ndiye aliyesema tukigeuze. Kikawa kipindi cha kuwafundisha Kiitaliano wafanyakazi wa hoteli na wenye biashara ufuoni: maneno ya jikoni, ya chumbani, ya kumpeleka mgonjwa hospitali, namna ya kukataa kwa adabu. Tulidhani wenye hoteli watakasirika. Baadhi waliacha kutangaza, hilo lilitokea. Wengine waliona faida ya kupata wahudumu waliofunzwa bure, wakaendelea. Naamini hakuna kipindi tulichowahi kutoa kilichotia chakula katika nyumba nyingi za mji huu kuliko kile, na kwa hilo namheshimu yule kijana mpaka leo.

Mwishoni mwa 2007 ukaja uchaguzi, na baada yake ghasia. Tarehe 30 Desemba serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, nasi tukajikuta na mji wenye hofu na simu tusizoweza kuzipeleka hewani. Tulifanya tulichoweza: tukarekodi simu kwanza, tukasikiliza, tukaondoa matusi na majina ya makabila, kisha tukatoa yaliyobaki kama habari. Marufuku ilipoondolewa, sisi hatukurudia simu za moja kwa moja za siasa kwa muda mrefu. Redio ya mji mdogo haina umbali. Anayetukanwa hewani asubuhi atakutana na mtukanaji sokoni mchana, na mtangazaji aliyewaunganisha atakuwa katikati yao kwenye foleni ya samaki.

Lakini pigo lenyewe kwetu lilikuwa la wageni. Walikuwa wamejaa, ilikuwa sizoni, na wakaondoka ndani ya siku chache. Ndege za kukodi zikasimama. Hoteli zilizozoea kufunga Aprili zikafunga Januari. Ofisi ya matangazo ya biashara haikuwa na la kufanya, kwa kuwa hakuna anayetangaza chakula cha jioni kwenye mkahawa usio na watu. Siku hizo nilirudishwa dirishani kwa sababu karani alikuwa ameachishwa, na nikaona jambo ambalo hatukuwa tumelitia maanani kwenye vitabu. Dirisha halikuwa limepungua. Misiba ilikuwepo, mbuzi walikuwa wakipotea, shule zilikuwa na mikutano ya wazazi, msikiti ulikuwa na harambee, kanisa lilikuwa na mkesha. Pesa zilikuwa ndogondogo, sarafu na noti zilizolowa jasho, lakini zilikuja kila siku, na ndizo zilizolipa stima na dizeli ya jenereta. Tangu mwaka ule, tukikaa kupanga bajeti, tulianza kwa dirisha. Hoteli ziliandikwa ukurasa wa pili.

Sizoni ikifa, huja mteja mwingine mwenye pesa taslimu. Waganga. Nawataja kwa uzito kwa sababu jambo hili lilitugawa. Walitaka kununua nusu saa nzima, kila siku, walipe mwezi mzima kabla. Walikuwa na dawa ya mapenzi, ya kesi, ya kupata kazi Uarabuni, na walikuwa tayari, wakiulizwa hewani, kumwambia mtu ni nani aliyemroga. Mishahara ilikuwa nyuma. Kwenye kamati kuna waliosema redio nyingine zinawachukua, kwa nini sisi tufe njaa na wao washibe.

Anayeifahamu Kilifi anajua kwa nini wengine tulikataa. Katika kaunti hii wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wazee wenye mvi na macho mekundu ya moshi wa kuni, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo kuna shamba ambalo mtoto au mpwa analitaka. Huko Ganze kuna Kaya Godoma, mahali wanapokimbilia wazee waliotishiwa na jamaa zao wenyewe. Mtu akitaja jina la “mchawi” kwenye redio inayosikika mpaka kijiji cha huyo anayetajwa, redio hiyo imesaidia kushika panga. Mwalimu alisema hivyo kwenye kikao, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyeinua mkono tena. Badala yake tukawaita wazee wa kaya, yaani wazee wa mila wa Wamijikenda, machifu, na mabinti waliolea baba zao, wazungumze kuhusu ardhi na urithi. Kipindi hicho hakikuwahi kupata mdhamini. Tulikiendesha kwa mapato ya dirisha.

Kuna kitu kingine nilichokipenda kuliko vyote nilivyosimamia, nacho ni upepo wa wavuvi. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri, na tulikuwa tukiusoma kama ulivyoandikwa, kasi ya upepo kwa vipimo, urefu wa mawimbi kwa mita. Baada ya habari za saa kumi na mbili asubuhi. Wavuvi wawili wakaja dirishani wakaniambia kwa upole kwamba saa hiyo wao wako nje zamani, na kwamba mita za mawimbi hawazijui, wanajua bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na madogo, wanajua pepo za matlai na umande. Yule nahodha mzee wa kamati akakubali kuja kila alfajiri kabla ya swala, akae na karatasi ya idara, aigeuze kwa lugha ya chombo: leo ngalawa zisipite mwamba, mashua yenye injini iende lakini irudi kabla ya adhuhuri, kusi litakaza. Hakukisia. Karatasi ikisema hatari, alisema hatari. Ila alijua tofauti ya anayevua kwa ngalawa na anayevua kwa boti, na karatasi haikuijua. Alipokuwa mgonjwa, watu walipiga simu kuuliza yuko wapi kabla hawajauliza upepo ukoje.

Mwaka 2014 wageni walipungua tena, mara hii kwa hofu ya mashambulizi. Uingereza ilitoa tahadhari ya usafiri kwa sehemu za pwani, mwezi Juni pakatokea shambulio la Mpeketoni, huko Lamu, na Waitaliano wengi wakauza nyumba zao. Sina mengi ya kusema juu ya miaka ile ila kwamba tulishajua la kufanya. Vipuri vilikuwa stoo. Tulipunguza saa za usiku, hatukumwachisha mtu, na mji ulipoanza kupata wageni wa Nairobi, hasa baada ya reli mpya kufika Mombasa mwaka 2017, tulikuwa bado hewani kuwapokea.

Mwaka 2020 ulikuwa wa aina yake. Ugonjwa wa korona ulipoilemea Italia mwezi Machi, Malindi ililia kama aliyefiwa na ndugu, kwa sababu kuna ndoa huko na huku, kuna watoto wenye babu Brescia na nyanya Ganda. Simu zilikuja za watu waliotaka tusome majina ya wagonjwa wa Italia ili waombewe, nasi tukayasoma. Kisha ikawa zamu yetu. Tarehe 25 Machi ndege za kimataifa zikasimamishwa. Tarehe 27 ikaanza kafyu, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili mipaka ya Kilifi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, na haikufunguliwa mpaka Juni.

Hebu fikiria wavuvi na kafyu. Samaki wa usiku havuliwi mchana. Tulimleta afisa mmoja studio, wavuvi wakauliza maswali yao, na jibu likapatikana mle mle hewani: nani aandikishwe, apite njia gani, aonyeshe nini. Ule ulikuwa ufumbuzi wa mji mdogo, na usingeweza kutoka kwenye redio ya Nairobi. Watangazaji walilala studio kwa zamu kwa sababu ya kafyu, magodoro chini ya meza. Shule zilikuwa zimefungwa na masomo yalikuwa yakitolewa redioni na KBC. Sisi tulitangaza ratiba, kisha walimu wawili wa hapa wakajitolea kuyaeleza tena jioni, Kiswahili na Kigiriama, kwa watoto wa mashambani ambao redio moja ilikuwa ikihudumia boma zima.

Halafu watu wakaanza kukosa chakula. Jikoni zote za hoteli zilikuwa zimefungwa, na hoteli zilikuwa zimelisha mji kwa namna nyingi: aliyeuza samaki kwao, aliyewafulia, aliyewauzia mboga kutoka Kakuyuni. Tukawa na kipindi cha mchana, hakikuwa na jina la maana, tulikiita tu nani ana nini. Mtu wa Langobaya ana mahindi, anataka samaki mkavu. Fundi cherehani ana barakoa, anataka unga. Mpishi aliyeachishwa kazi ana jiko la gesi, yuko tayari kupika matanga kwa kulipwa mafuta ya kupikia. Tulisoma namba zao, wakapigiana wenyewe. Hatukutoza kitu. Kabla ya hapo, kusoma tangazo bure kulikuwa kosa la kinidhamu ofisini kwetu, na ni mwalimu yule yule, sasa mzee sana, aliyepiga simu akiwa nyumbani akasema dirisha lifungwe na mlango ufunguliwe.

Mwezi Aprili 2023 ikaja Shakahola, msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga chakula mpaka kufa. Sitasimulia msitu ule, waliokwenda wameshasimulia. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ikaletwa hospitali ya Malindi, na watu wakaanza kufika kutoka kila pembe ya Kenya wakitafuta dada, mke, watoto wa ndugu. Shirika la Msalaba Mwekundu lilifungua dawati la kuwatafuta waliopotea pale hospitalini. Wengi wa waliofika hawakuujua mji wala hawakuwa na pa kulala. Dirisha letu lilijaa tena. Tulikubaliana mambo mawili: hatutasoma jina la mtu kama amekufa mpaka familia yake yenyewe ituambie, na hatutamuuliza mtu yeyote hewani jinsi ndugu yake alivyoshawishika. Waandishi wa mbali walihitaji jibu la swali hilo. Sisi tulihitaji kumwonyesha mama wa watu njia ya kwenda dawatini na nyumba ya kulala yenye bei anayoimudu. Walimu wa madrasa na akina mama wa makanisa walijitokeza na vyumba. Tuliyatangaza yote.

Leo vijana wa mji hutusikiliza kwa simu, na wengine hawatusikilizi kabisa, wana video zao. Silalamiki. Tunaweka matangazo ya misiba kwenye mtandao pia, na jamaa aliye Muscat au Milano huyaona kabla ya mzee wa Ganda kuyasikia. Lakini mlingoti bado tunaupaka grisi kila Machi, kabla ya kusi.

Linalonihangaisha ni kanda. Sauti ya mwalimu akitaja mitaa, sauti ya nahodha akigeuza karatasi ya upepo, wazee wa kaya wakieleza mipaka ya ardhi kwa mti na kwa kisima, viko kwenye kaseti na diski ambazo ile chumvi iliyokula waya inazila pia. Naomba wenye redio ndogo zote za pwani, kuanzia Lamu mpaka Vanga, wasingoje mfadhili kuanza kunakili. Chukua kompyuta moja, kijana mmoja mwenye subira, anza na sauti za waliokwisha kufa. Sisi tumeanza na nahodha. Alfajiri zake tulizozipata tayari tumezinakili, na wavuvi wa BMU, kikundi chao cha kusimamia ufuo, ambao sasa ndio wanaolipia dakika za upepo kutoka mfuko wao wenyewe, wameomba nakala ili manahodha wao vijana wazisikilize kabla hawajapewa chombo.